Ekari sita Kent: mizabibu ipandwe wapi, lini, na kiasi gani?

*Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, nimeolewa huku Kent, Uingereza. Wakwe zangu wametuachia ekari sita za bustani ya zamani ya matufaa. Sehemu ya juu ni mteremko unaotazama kusini, ya chini ni bapa na ina kijito pembeni. Mimi, mume wangu na wanetu wawili wakubwa tunataka kulima zabibu na kuuza mvinyo wetu wenyewe. Akiba yetu ni pauni 90,000. Mjomba wangu analima zabibu Hombolo, kwa hiyo kilimo hiki si kigeni kwangu. Tunafikiria kupanda ekari zote sita mwakani na kujenga kiwanda kidogo cha mvinyo. Tuanzie wapi?*

Dada, salama. Mteremko unaotazama kusini ndani ya Kent ni mali ambayo watu huitafuta kwa fedha nyingi, na ninyi mnayo tayari. Hata hivyo, naomba mbadilishe mambo matatu kabla hamjaagiza hata mche mmoja. Msipande mwakani, subirini mwaka mmoja zaidi. Msipande ekari zote sita, pandeni hekta moja tu, yaani ekari mbili na nusu, tena kwenye mteremko. Na kiwanda msijenge kwa sasa. Zabibu zenu zikamuliwe na kiwanda kinachotengenezea wakulima wengine mvinyo kwa malipo.

Nianze na hilo la Hombolo, maana lina faida na lina hatari. Mkono wa kupogoa, jicho la kutambua ubwiri, ule ukungu wa majani na matunda, mapema, nguzo na waya, hivyo vyote mjomba anavijua na vitakusaidia. Kalenda ndiyo itakayokupotosha. Dodoma mzabibu haulali usingizi wa kweli. Mkasi wa kupogolea ndio unaouamsha, na ndiyo maana mjomba huvuna mara mbili kwa mwaka. Kent mzabibu hupukutisha majani Novemba na kulala hadi Aprili. Huchipua katikati au mwishoni mwa Aprili, hutoa maua kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai, zabibu huanza kulainika na kubadilika rangi mwishoni mwa Agosti au Septemba, na huvunwa kati ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Oktoba. Mavuno ni mara moja. Yakipotea kwa usiku mmoja wa Mei, hakuna msimu wa pili wa kufidia. Mjomba anahangaikia maji. Ninyi mtahangaikia joto, na kila ninachokueleza hapa chini kinarudi kwenye hilo.

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Kusini mwa Uingereza wastani wa Aprili hadi Oktoba ni kama nyuzi 14 tu, kwa hiyo hiyo nusu nyuzi ndiyo tofauti kati ya zabibu iliyoiva na zabibu chachu. Tazameni ramani ya Ordnance Survey, wakala wa ramani wa Uingereza: shamba likiwa chini ya mita 100 kutoka usawa wa bahari, vizuri, likizidi mita 125, mjifikirie upya. Jambo la pili ni upepo wa kusini-magharibi, ambao ndio upepo wa kila siku huko. Upepo hupoza majani na kuvuruga maua, kwa hiyo kama upande huo uko wazi, pandeni ua wa miti sasa hivi, alda au hazeli, ili uwe umekua mizabibu itakapoanza kuzaa.

Sasa jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha, adui mkubwa kuliko wote. Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi hutiririka kama maji: hushuka mteremko na kukusanyika mahali pa chini. Kwenu ni kule kwenye ubapa karibu na kijito. Jicho la mzabibu lililofunga huvumilia baridi, lakini chipukizi lenye majani mawili matatu huungua joto likishuka hadi nyuzi −1 au −2. Mwishoni mwa Aprili 2017 jalidi iliharibu machipukizi katika mashamba mengi ya kusini mwa Uingereza, na mashamba ya mabondeni ndiyo yaliyoumia zaidi. Mzabibu utachipua tena kwa macho ya akiba, ila macho hayo huzaa kidogo na kuchelewa kuiva. Ndiyo sababu nasema ubapa usipandwe. Tazameni pia kama chini ya mteremko kuna ua mnene wa miti unaozuia hewa hiyo kupita. Ukiwepo, fungueni mapengo ya mita tano au sita, kama mnavyofungua mfereji. Ua ule ule unaofaa upande wa upepo ni bwawa la baridi ukiwa bondeni.

Msiamini macho wala maneno ya jirani katika hili. Nunueni vipimajoto vitatu vinavyojirekodi vyenyewe, vifungeni kwenye vijiti kwa urefu wa sentimita 90: kimoja juu, kimoja katikati, kimoja ubapani. Viacheni viandike kuanzia Machi hadi Oktoba. Tofauti ya nyuzi mbili au tatu alfajiri kati ya juu na chini ni jambo la kawaida, na itawaambia mstari wa chini kabisa wa mizabibu uishie wapi.

Huo mwaka wa kusubiri una kazi nyingi. Bustani ya zamani ya matufaa ina mizizi, na mizizi inayooza ardhini hulisha ukungu wa Armillaria, ambao huhamia kwenye mzabibu na kuuua polepole. Kung'oa visiki peke yake hakutoshi. Mwiteni mwenye eskaveta, mizizi minene kuliko kidole itolewe na kuondolewa shambani. Baada ya hapo chimbeni mashimo manne au matano yenye kina cha mita 1.2, mwezi Januari au Februari ardhi ikiwa imeshiba mvua. Maji yakituama kwenye shimo zaidi ya siku moja, mnahitaji mabomba ya kutoa maji chini ya ardhi, na hayo huwekwa kabla ya kupanda. Mizizi ya mzabibu hustahimili udongo maskini, ila haistahimili kusimama kwenye maji baridi.

Watu wengi hudhani bila chaki hakuna mvinyo mzuri Uingereza, kwa kuwa chaki ya vilima vya North Downs ni ndugu wa ile ya Champagne. Si kweli. Mchanga wa kijani wa Kent, uitwao greensand, unafaa, na hata mfinyanzi wa eneo la Weald unafaa ukiwa umetolewa maji. Aina ya udongo ina uzito wake mahali pengine, nako ni kwenye uchaguzi wa shina la chini, lile ambalo aina ya zabibu hubebeshwa juu yake. Chukueni sampuli mbili, ya sentimita 0–30 na ya 30–60, mzipeleke maabara zipimwe pH, fosforasi, potasiamu, magnesiamu, mboji na chokaa tendaji. Ombeni na kipimo cha shaba, kwa kuwa bustani za matunda za Kent zilipigwa dawa za shaba kwa miaka mingi. Marekebisho ya chokaa na fosforasi yafanyike sasa, kwa kulima hadi chini, kwa sababu mizabibu ikishasimama hamtaweza tena kugeuza udongo ule. Kisha otesheni haradali au klova, mzilimie ndani.

Kila mche mtakaonunua utakuwa wa kubebeshwa, kwa sababu ya filoksera, kidudu cha mizizi kilichoangamiza mashamba ya Ulaya karne ya 19. Juu ni aina ya zabibu, chini ni shina la asili ya Amerika linalokihimili kidudu hicho. Kwenye chaki chukueni Fercal au 41B. Mashina haya huvumilia chokaa nyingi. Mkipanda shina la 3309C kwenye chaki, majani yatageuka njano mwaka wa pili kwa kukosa chuma, huku mishipa ikibaki kijani, na hakuna dawa ya kudumu isipokuwa kung'oa. Kwenye udongo usio na chokaa nyingi, 3309C huzuia mzabibu usikimbilie majani. SO4 hutumika sana, ila kwenye udongo wenye rutuba huota kwa fujo na mara nyingi huonyesha upungufu wa magnesiamu.

Kuhusu aina ya zabibu, historia fupi inasaidia kuelewa soko. Shamba la kwanza la kibiashara baada ya Vita vya Pili vya Dunia lilipandwa Hambledon, Hampshire, mwaka 1952. Kwa miaka mingi Waingereza walipanda aina za Kijerumani na chotara zinazoiva mapema. Mwaka 1988 Nyetimber, kule Sussex, walipanda Chardonnay, Pinot Noir na Pinot Meunier, zile tatu za Champagne, na mafanikio yao yaligeuza tasnia nzima kuelekea mvinyo wa mapovu. Leo hizo tatu ndizo sehemu kubwa ya mizabibu yote ya Uingereza. Kwa kampuni kubwa zina mantiki. Kwa familia yenye hekta moja zina tatizo la muda: zabibu za mapovu huvunwa vuli, mvinyo huwekwa kwenye chupa mwaka unaofuata, na hukaa humo juu ya mashapo ya hamira. Kanuni za mvinyo wa mapovu wenye jina linalolindwa la Uingereza zinadai angalau miezi tisa, lakini wazalishaji walio makini huuacha miezi 18 hadi 36. Fedha zenu hukaa ghalani pamoja na chupa hizo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni nusu hekta ya Bacchus na nusu hekta ya Pinot Noir na Chardonnay. Bacchus ilizalishwa Ujerumani mwaka 1933 na imepata makao Uingereza. Hutoa mvinyo mweupe wenye harufu kali ya maua na majani mabichi, na unaweza kuuzwa miezi sita au minane tu baada ya mavuno. Udhaifu wake ni kuoza kwa uozo wa kijivu, kwa hiyo ipewe mahali penye hewa. Chardonnay huchipua mapema kuliko nyingine, basi iwe juu kabisa, mbali na jalidi. Msijaze aina tano sita kwenye hekta moja. Viwanda vya kukodi huwa na kiwango cha chini cha kupokea, mara nyingi tani moja au zaidi kwa mkupuo, na tangi la kilo 300 halimfaidi mtu. Kama mume wako hataki kabisa kupiga dawa mara kwa mara, zungumzeni kuhusu Solaris au Seyval Blanc, ambazo hustahimili ubwiri vizuri zaidi. Solaris huiva mapema na sukari nyingi, na nyigu wanalijua hilo.

Miche huagizwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla, kwenye vitalu vya Ujerumani au Ufaransa. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, kila shehena lazima ije na cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo pitieni kwa wakala aliyezoea kuingiza miche.

Sasa vipimo. Nafasi ya kawaida ni mita 2.2 kati ya mistari na mita 1.2 kati ya miche. Hiyo ni miche 3,788 kwa hekta na mita 4,545 za mistari. Mistari ielekee kaskazini–kusini kadiri mteremko unavyoruhusu, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande zote mbili. Acheni mita 7 au 8 kila mwisho wa mstari trekta igeuke; wanaobana hapo hugonga nguzo za mwisho kila wiki. Mistari ikiwa ya mita 100, mnahitaji nguzo za mwisho 90 hivi pamoja na nanga zake, na nguzo za kati zipatazo 750 zikipangwa kila mita 6. Nguzo za mita 2.4 zipigwe sentimita 60 ardhini. Waya wa kuzalia uwe wa milimita 2.5, kwenye urefu wa sentimita 80–90. Msiuteremshe chini ya hapo kwa tamaa ya joto la ardhini, kwa kuwa hewa iliyo karibu na ardhi ndiyo baridi kuliko zote usiku wa jalidi. Juu yake wekeni jozi tatu za waya wa milimita 2 za kushikilia majani. Jumla ni waya saba kwa kila mstari, sawa na kilomita 32 kwa hekta. Watu hushtuka wakiisikia hesabu hiyo, lakini ndiyo hali halisi.

Uzio uwe tayari siku miche inapofika, si wiki moja baadaye. Paa wanahitaji uzio wa mita 1.8 au zaidi. Sungura wanahitaji wavu wa tundu la milimita 31, na sentimita 15 za chini zikunjwe kuelekea nje na kufukiwa. Kuna pia nyegere wa Ulaya, anayeitwa badger, ambaye husubiri zabibu zipate utamu kisha hula vichala vya chini usiku. Sheria ya Uingereza inamlinda, haruhusiwi kuuawa wala shimo lake kuguswa. Nyaya mbili tatu za umeme, sentimita 10 hadi 30 kutoka ardhini, kuanzia Agosti, ndiyo dawa yake.

Upandaji ni kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Mei, udongo ukiwa umepata joto. Miche hufika ikiwa imelala, kutoka chumba baridi. Iloweshwe kwenye maji saa 12 hadi 24 na isikae juani hata dakika kumi. Wakodini wenye mashine ya kupandia inayoongozwa kwa setilaiti; mistari hunyooka na kazi ya siku nyingi huisha kwa siku moja. Jukumu lenu siku hiyo ni kutembea nyuma ya mashine na kuhakikisha mambo mawili. La kwanza, kovu la kubebeshea liwe sentimita 5 hadi 10 juu ya ardhi. Likifukiwa, sehemu ya juu itaota mizizi yake yenyewe na kinga yote mliyoinunua inapotea. La pili, udongo ukandamizwe vizuri pembeni ya mizizi. Mwanya wa hewa unaua mche kimya kimya, na utagundua Julai. Kila mche upate kijiti cha mita 1.2 na kinga ya plastiki.

Mwaka wa kwanza kazi ni magugu. Ukanda wa sentimita 60 chini ya miche uwe mtupu, hasa Juni na Julai. Nyasi hunyang'anya maji na naitrojeni, na mche ulioshindwa na nyasi mwaka wa kwanza hubaki nyuma mwaka mzima au miwili. Achieni chipukizi moja au mawili, toeni maua yote. Majira ya baridi kateni mche urudi kwenye macho mawili. Najua inauma kukata kilichoota vizuri, lakini mizizi kwanza. Mwaka wa pili chipukizi moja lipandishwe wima hadi kwenye waya, na bado hakuna matunda. Mwaka wa tatu mnaweza kuvuna kidogo, tani moja hadi mbili, kwa mizabibu yenye shina nene kama kalamu tu. Mavuno kamili huja mwaka wa nne au wa tano.

Mzabibu mzima hupogolewa kati ya Januari na mwisho wa Machi: fito moja ya mwaka uliopita yenye macho 8 hadi 10 ilazwe kwenye waya, na kishiku, yaani kitawi kifupi, chenye macho mawili kibaki kwa ajili ya mwaka ujao. Mistari ya chini pogoeni mwisho kabisa, na muache fito moja ya ziada imesimama hadi katikati ya Mei. Jalidi ikiunguza ile iliyolazwa, mnayo ya akiba, isipounguza, mnaikata. Hii ni bima isiyogharimu kitu. Mishumaa ya jalidi, yale makopo ya nta yanayowashwa kupasha hewa joto, huhitajika 300 hadi 400 kwa hekta na huwaka usiku mmoja tu, kwa muda wa saa 8 hadi 10. Kwa mteremko wenu, wekeni ya kutosha mistari kumi ya chini na king'ora cha joto kitakachowaamsha likifika nyuzi 1.

Mara nyingi mavuno madogo Uingereza hayatokani na jalidi bali na maua. Mvua na baridi chini ya nyuzi 15 wiki ya maua, na uchavushaji unakwama: kichala kinabaki na zabibu chache, au nyingine kubwa nyingine kama punje za mtama. Hakuna dawa yake. Ndiyo sababu hesabu ya fedha isijengwe juu ya mwaka mzuri. Mizabibu 3,788 yenye machipukizi kumi, kila chipukizi kichala kimoja na nusu cha gramu 110, inatoa tani 6 na kidogo. Hiyo ni dari. Kwa mipango ya nyumbani andikeni tani 4, na mkubali kwamba kila miaka kadhaa utakuja mmoja wa kukaribia sifuri. Mwaka 2012 hali ya hewa ilikuwa mbaya kiasi kwamba Nyetimber hawakutengeneza mvinyo kabisa. Mwaka 2018, kwa upande mwingine, mavuno yalifurika nchi nzima hadi matangi yakakosekana.

Kwenye magonjwa, ubwiri unga na ubwiri vinyoya unavijua. Tofauti ni kwamba kwenu vitakuja vyote viwili pamoja na uozo wa kijivu, kwa sababu ya umande na mvua za vuli. Tegemeeni kupiga dawa kila siku 10 hadi 14, tangu majani matatu hadi zabibu zinapobadilika rangi, mara 8 hadi 12 kwa msimu. Msinunue dawa kwa kufuata kawaida za Ufaransa. Orodha ya zilizoidhinishwa Uingereza ni tofauti. Anayepiga dawa lazima awe na cheti cha PA1, pamoja na PA3 kwa mashine ya upepo au PA6 kwa bomba la mkononi. Mmoja wa wanenu aanze kusoma sasa. Na chuo cha Plumpton, East Sussex, kina kozi fupi za mizabibu ambazo zinastahili nauli yake.

Hata hivyo nusu ya kinga ni mikono. Juni na Julai machipukizi yaingizwe kati ya waya mara mbili tatu, vilele vikatwe, na baada ya maua toeni majani yanayofunika vichala upande wa mashariki, ili jua la asubuhi likaushe umande. Familia nyingi hupanga likizo Julai, na huo ndio mwezi ambao mizabibu hugeuka kichaka. Kwa hekta moja wekeni akilini saa 300 au zaidi za kazi kwa mwaka, nyingi zikiwa Februari, Juni, Julai na siku za mavuno. Zungumzeni pia na majirani wanaolima nafaka. Dawa za magugu za aina ya homoni zikipeperushwa na upepo hukunja majani ya mzabibu kama vidole, na mavuno huenda. Mpelekeeni jirani ramani ya shamba kabla ya kupanda, kwa heshima.

Mavuno: kuanzia katikati ya Septemba chukueni zabibu 200 mojamoja kutoka mistari mbalimbali, kila wiki, mkamue na kupima. Kwa mapovu kiwanda kitataka sukari ya kutoa kileo cha asilimia 9.5 hadi 10.5 na asidi ya gramu 10 hadi 12 kwa lita. Bacchus huvunwa ikiwa tamu zaidi. Vichala vikatwe kwa mkono, viwekwe kwenye kreti za kilo 15, vifike kiwandani siku hiyo hiyo. Kabla hamjapanda, muwe na makubaliano ya maandishi na kiwanda, kwa sababu mwaka wa neema wasio na mkataba ndio wanaobaki na zabibu mtini.

Sheria si ngumu, ila zina tarehe. Shamba linalozidi hekta 0.1 lazima lisajiliwe na Food Standards Agency, wakala wa viwango vya chakula, ndani ya miezi sita tangu kupanda, na kila mwaka mnawasilisha taarifa ya mavuno. Kupanda mizabibu kwa kawaida hakuhitaji kibali cha ujenzi. Jengo la kuonjea na maegesho ya wageni yanahitaji. Kuuza mvinyo nyumbani kunahitaji leseni ya jengo kutoka halmashauri na mtu mmoja mwenye leseni binafsi. Kibali cha HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, cha kuzalisha pombe kinakuwa juu ya kiwanda kinachowatengenezea. Ushuru kwa chupa ya kileo cha asilimia 12 unazidi pauni 2.50, bado VAT ya asilimia 20. Nafuu ya wazalishaji wadogo mtakayoisikia ikitajwa haiwahusu, kwani ni ya vinywaji vilivyo chini ya asilimia 8.5. Lebo yenu isomeke "English wine". Neno "British wine" hutumika kwa kinywaji kinachotengenezwa Uingereza kwa juisi nzito kutoka nje, na kulichanganya ni kujishushia thamani.

Na sasa fedha, kwa nini hekta moja. Miche, nguzo, waya, uzio na upandaji hugharimu takriban pauni 30,000 hadi 40,000 kwa hekta. Ekari sita ni hekta 2.4: kwa pauni 35,000 kila hekta, akiba yenu inaisha kabla mche haujafikia waya. Kwa hekta moja mnatumia 35,000, mnatenga kama 8,000 kila mwaka kwa dawa, mashine za kukodi na mikono ya msaada, na mwisho wa mwaka wa tatu bado mnazo pauni 30,000 hivi. Hizo ndizo za kulipia kukamua, chupa, vizibo, lebo na ushuru. Tani moja hutoa takriban chupa 700 hadi 850 kutegemea mkamuo, kwa hiyo Bacchus ya kwanza itakuwa chupa mia kadhaa tu, mwaka wa nne. Chupa ya kwanza ya mapovu isitarajiwe kabla ya mwaka wa sita. Kiwanda chenu, na matangi yake, kikamulio na chumba baridi, kingezimeza fedha hizo zote kwa ajili ya kazi ya wiki tatu kwa mwaka.

Ekari tatu na nusu zitakazobaki msiziuze wala msizikodishe kwa muda mrefu. Sehemu ya mteremko iliyo jirani iendelee na klova hadi mwaka wa tano, mkishajua ni aina gani imekubali udongo wenu, ndipo mpanue. Ubapa ule wa kijito uwe majani ya kukata, pasipo banda wala ukuta upande wa chini, ili usiku wa Mei baridi ipate pa kwenda.